Vidonge Nilivyompa Mke Wangu

Nilipimwa mbegu za kiume mjini Mansa, si Nchelenge tunakoishi. Nchelenge kila mtu ananijua kwa samaki. Hata muuguzi wa dirisha la dawa hununua chisense kwangu, wale dagaa wadogo wa ziwa letu. Nisingeweza kumkabidhi kichupa cha namna ile asubuhi, halafu jioni nimuulize anataka kilo ngapi. Kwa hiyo niliomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kwenye makazi ya wakimbizi, nikamwambia mke wangu nakwenda kutafuta soko jipya, nikabeba na gunia la chisense ili uongo wangu uwe na mzigo. Nikapanda basi.

Tulikuwa na miaka sita ya ndoa na hatujapata mtoto. Tulivuka ziwa kwa mtumbwi kutoka upande wa Pweto, mimi, yeye na mama yangu, pamoja na majirani waliokuwa wakikimbia risasi kama sisi. Kenani, kambi ya kupokelea wakimbizi, tulikaa chini ya turubai, kisha tukapewa kiwanja, tukajenga. Mke wangu alilima mihogo na karanga. Mimi nilinunua samaki kwa wavuvi, nikawakausha na kuwauza. Mama alijenga hatua kumi kutoka mlango wetu, na kila mwezi alijua, kwa kuangalia tu kamba ya nguo, kama kuna habari au hakuna. Sikuwahi kumwambia aache. Nilijifanya sioni, kazi ambayo nimeifanya vizuri maisha yangu yote.

Mtu wa maabara alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tuliongea Kibemba. Alinionyesha karatasi, akasema mbegu zangu ni chache, na nyingi kati ya hizo chache hazitembei. Alipoona sielewi aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akacheka kidogo, akaniuliza mafuta ya chisense hufanya nini samaki akiachwa juani siku nyingi. Nikamjibu kwamba yanageuka manjano, yananuka, na ukila yanakukwaruza koo. Akasema basi ndivyo hewa, moshi wa tumbaku na joto la matanuri vinavyoziharibu mbegu za mwanamume. Kuna vidonge, akasema, vinaitwa antioksidanti, vya vitamini na zinki na vitu kama hivyo, vinavyozuia uharibifu wa namna ile. Wengine vimewasaidia, wengine wamevimeza mwaka mzima bure. Yeye hawezi kuniahidi kitu. Niache sigara, nikae mbali na moshi wa samaki, nimeze vidonge miezi mitatu, nirudi kupimwa.

"Na ukirudi," akasema, "njoo na mkeo. Jambo hili ni la watu wawili."

Nilimwitikia kwa heshima zote, mukwai, mukwai, na nilipotoka pale mlangoni nilikuwa nimeshaamua kwamba sitakuja naye.

Nataka nieleze nilivyowaza, si kwa kujitetea. Niliwaza hivi: vidonge vitafanya kazi. Miezi mitatu, minne, mke wangu atashika mimba, na mimba ikishaingia hakutakuwa na kitu cha kueleza. Karatasi nitaichoma. Nani ataumia? Kwetu mwanamume ambaye hazai hana hata jina lake la kuitwa. Tasa ni mwanamke, ng'umba ni mwanamke, na mwanamume ni yule maskini aliyeoa vibaya. Mimi nilikuwa yule maskini, watu walinihurumia, na huruma hiyo nilikuwa nimeizoea.

Kwenye kopo la duka la dawa kulikuwa na picha ya mwanamume amembeba mtoto mchanga. Nikalitupa, vidonge nikavimimina kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo nikalizika ndani ya gunia la chisense kwenye kibanda cha kuwekea samaki. Kila asubuhi nilimeza viwili kabla ya kwenda ziwani. Sigara sikuacha. Tanuri la samaki pia sikuliacha.

Nililisahau jambo moja, na mchuuzi wa samaki hakupaswa kulisahau. Chisense hukaushwa juu ya mchanga, na kabla ya kuuzwa lazima wapepetwe, gunia baada ya gunia. Kazi hiyo ni ya wanawake. Mke wangu alifika kwenye gunia lile wiki ya tatu.

Nilimkuta ameketi na ungo mapajani, kopo liko wazi mkononi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameogopa.

"Hii ni nini?" akaniuliza. "Ni ile dawa ya sida? Uko mugonjwa na hauniambie?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika kambi, mtu anayeficha vidonge na kumeza kila siku kwa saa ileile anajulikana ana sida, yaani ukimwi. Nikamwona anahesabu kichwani yeye ataishi mpaka lini. Ningeweza kumwambia ukweli pale pale, mlango ulikuwa wazi kabisa, na angefurahi hata kwa ukweli ule kwa sababu ulikuwa mdogo kuliko aliouogopa. Mdomo wangu ukasema kingine.

"Hapana. Ni yako."

"Yangu? Ya nini?"

"Ya kuzala. Munganga ya Mansa njo alinipatia. Nilikuwa nangoya nikueleze muzuri."

Akaliangalia kopo, akaniangalia mimi. Kisha akaweka ungo chini, akapiga magoti kwenye mchanga na magamba ya samaki, akapiga makofi ya kushukuru, taratibu, viganja vimejikunja, kama mama zetu wanavyomshukuru mtu mkubwa. Alikuwa analia.

"Miye nilizani umenichoka," akasema. "Kumbe ulienda mupaka Mansa juu yangu."

Nilimwinua. Nakumbuka mikono yake ilinuka samaki, na nakumbuka nilijiona, Mungu anisamehe, mume mwema.

Kuanzia siku ile kopo lilihamia ndani, kwenye rafu, kando ya Biblia. Kila asubuhi alimeza viwili kwa maji ya moto baada ya sala. Mimi nikaacha kumeza. Ningeweza kununua kopo la pili na kulificha mahali pengine, lakini niliogopa kukamatwa mara ya pili, na nisingepata uongo mzuri kama ule wa kwanza. Hivyo dawa ya mwanamume ikawa inamezwa na mwanamke, na mwanamume aliyeihitaji akawa anakwenda Mansa kuinunua. Vidonge vile havikumdhuru. Nilikuja kuuliza baadaye. Kilichomdhuru ni kwamba aliviamini.

Habari zilienea upesi. Mama yangu alizipeleka kanisani mwenyewe. "Mutoto yangu anaenda mupaka Mansa kutafutia bibi yake dawa," aliwaambia akina mama wa kwaya. Mama mmoja akanishika mkono nje ya kanisa, akaniambia mbele ya watu, "Baba, ni shida kuona bwana kama weye, wengine bangalishaoa bibi ya pili." Nikainamisha kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Lakini sifa zangu zote alilipia yeye. Mwanzoni watu walikuwa wanabahatisha tu. Huenda ni yeye, huenda ni vita, huenda ni laana. Sasa walikuwa na ushahidi. Anayemeza dawa ndiye mgonjwa. Ilipofika sikukuu ya akina mama, wanawake wa kanisa walinunua kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja, cha rangi ya buluu chenye majani meupe. Mke wangu naye alinunua, akashonesha. Mchungaji alipowaita akina mama waje mbele wakicheza, mstari mzima wa buluu ulisimama, na yeye naye akainuka nusu, akakumbuka, akakaa. Mimi nilikuwa upande wa wanaume nikamwona. Aliendelea kupiga makofi ya wimbo mpaka mwisho. Nyumbani alikikunja kikwembe akakiweka chini ya sanduku, akasema kitasubiri.

Vidonge vikafika kopo la nne. Miezi mitatu ya yule mzee wa miwani ilipita, ikapita na mingine. Asubuhi moja mke wangu alikaa kitandani na vidonge viwili kiganjani, hakuvimeza.

"Ata dawa ya bazungu imeshindwa," akasema. "Bon. Njo kusema miye niliharibika kabisa."

Kama kuna sentensi moja ninayoisikia mpaka leo ni hiyo. Alikuwa amefikiri vizuri, hatua kwa hatua, kama mtu mwenye akili. Alikuwa amefuata njia niliyomwonyesha mimi.

Mama yangu alikuwa amesikia habari za mganga mmoja kule Mununga, mwanamke mwenye mizizi mikali, anayefungua matumbo yaliyoshindikana. Walikwenda wote wawili wakarudi na chupa tatu za maji ya rangi ya kutu. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Harufu yake ilijaa nyumba. Siku ya kwanza alitapika, mama akasema ni uchafu unatoka.

Nilimwambia aache. Nilimwambia mara moja tu.

"Juu ya nini?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua.

Nilikuwa na jibu moja peke yake duniani, limekunjwa ndani ya kitambulisho changu cha mkimbizi, karatasi ya maabara ambayo mpaka wakati ule sikuwa nimeichoma. Nikatoka nje kupanga magunia. Alipomaliza chupa tatu, mama akamletea nyingine.

Niliyaona macho yake sokoni Nchelenge. Alikuwa ananisaidia kufunga mzigo, akainua uso kumwitikia mteja, jua likampiga, na yale meupe ya macho yalikuwa na rangi ya mafuta ya chisense waliokaa sana. Nilijua rangi ile kuliko mtu yeyote pale sokoni. Nikamwambia twende hospitali. Akasema tumalize kwanza mzigo, nami nikakubali.

Hospitalini daktari mwanamke, kijana, aliuliza kwa Kibemba mgonjwa anatumia dawa gani. Mke wangu hakuwa hodari wa Kibemba. Mimi ndiye niliyemsemea. Nikasema vitamini. Akauliza, na mizizi je, na dawa za kienyeji? Mke wangu alilielewa neno la mizizi. Aliniangalia, akisubiri nitakavyojibu. Niliona wazi maswali yatakayofuata: mizizi ya nini, mmepimwa, nani amepimwa, karatasi iko wapi. Nikasema hakuna mizizi.

Siku ya tatu, tumbo lilipoanza kuvimba na akawa anasinzia katikati ya maneno, nilimfuata daktari kwenye korido nikamwambia habari za mizizi. Hakunigombeza. Aliandika, akasema ingefaa kujua mapema, akaondoka haraka. Sijui kama siku zile tatu zingebadilisha kitu. Hakuniambia, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha yangu, na kifo kikaja kwa mwingine.

Mchana wa mwisho aliamka akili zikiwa zimetulia. Mama yangu alikuwa ametoka kuchota maji. Akaomba nimkalishe.

"Utaoa mwengine," akasema. "Usikatale. Mama anapashwa kuona mujukuu. Na mutoto mwanamuke wa kwanza, umupatie jina yangu. Nirudie kwako ata vile."

Nilimshika mkono. Tulikuwa peke yetu, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamelala. Sikuwa na mtu wa kumwogopa isipokuwa yeye.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nitamupatia."

Akaridhika. Jioni alifariki.

Sasa nieleze desturi, kwa maana ndiyo iliyonimaliza. Kwetu, mtu aliyekufa bila kuzaa huzikwa na kipande cha mkaa mkononi. Maana yake ni moto uliozimika. Jina lake halipewi tena mtoto yeyote, si wa ndugu wala wa rafiki, ili bahati yake isimfuate mtoto huyo. Wachungaji wanakemea, na watu wanawaitikia amina, lakini mkaa haukosekani. Na jambo hilo halifanywi kimyakimya. Lazima kwanza waulizwe watu wote waliohudhuria, mara tatu, kama kuna anayejua mtoto wa marehemu. Hata mimba iliyotoka inatosha. Mtu mmoja tu akisema neno, mkaa unarudishwa jikoni.

Aliyeuliza alikuwa mama yake mkubwa, dada wa mama yake, aliyemlea tangu utoto na aliyevuka ziwa mwaka mmoja na sisi. Walikuwa wamemvika kile kikwembe cha buluu. Mama mkubwa alisimama kando ya jeneza, mkaa uko kwenye kitambaa.

"Kuko mutu anajua mutoto ya huyu?" akauliza. "Ata mimba yenye ilitoka?"

Akauliza tena. Akina mama wa kwaya walitazama chini. Mara ya tatu hakuwauliza wao, alinigeukia mimi.

"Weye, bwana yake. Unajua kitu?"

Nilijua kila kitu. Nilijua kwamba moto uliozimika ulikuwa wangu, na kwamba anazimwa asiyehusika. Nilijua kwamba siku mbili nyuma nilikuwa nimemwahidi jina. Hata uongo ungetosha safari hii. Ningesema ilitoka mimba moja kule Kenani, tukaficha, nani angebisha? Mimi, niliyekuwa na uongo wa kila aina, nilikosa hata mmoja uliokuwa na faida kwake. Nikatikisa kichwa.

Akaufungua mkono wa marehemu, akaweka mkaa, akafunga vidole kimoja kimoja. Unga mweusi ulibaki kwenye kikwembe. Kisha fundi akapiga misumari.

Hata matanga hayajapoa vizuri, mama yangu alinitafutia msichana. Nikakataa. Akaleta habari za mwingine, nikakataa. Watu wakaanza kusema hawajapata kuona mwanamume aliyempenda mkewe kiasi kile. Wengine wanazika leo, kesho wanaoa. Mchungaji alinitaja kwenye mahubiri. Nilikaa kwenye benchi nikasikia ninavyosifiwa, nikatoka nje kabla ya sadaka. Niliona kwamba wataendelea kunisifu mpaka nife.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mama mkubwa. Alikuwa anachoma mihogo kwenye mbaula, lile jiko la bati lenye matundu. Nilikaa chini, si kwenye kigoda alichonipa, nikamwambia yote kuanzia Mansa. Sikuruka kitu. Alikuwa anageuza mihogo wakati wote.

Nilipomaliza akasema, "Hiyo karatasi iko wapi?"

Nikampa. Hajui kusoma. Akaigeuza mbele na nyuma, akaiweka pajani.

"Ile dawa alikuwa anakunywa kila asubuhi, ilikuwa yako?"

"Ndiyo, mama."

"Alipigaka magoti kukushukuru. Aliniambiaka. Alikuja hapa siku ile ile, na furaha, akanielezea."

Nikamuuliza nililoliendea, kama jina linaweza kurudishwa, kama wakubwa wanaweza kukaa, nikasema mbele yao, mkaa ukafutwa. Nilikuwa tayari kusema mbele ya kanisa zima.

"Ulingoya nini siku ile?" akasema. "Nilikuuliza weye. Makaa iko mu mukono yake, chini. Nani atafukula?"

Mihogo ikaungua upande mmoja. Halafu akavuta gunia lake la mkaa, akapekua ndani kama mtu anayechagua nyanya, akatoa kipande kizuri kisicho na ufa. Akakifunga kwenye karatasi yangu ya maabara, akanitilia mkononi.

"Hii ni yako. Chunga. Siku yako ikifika, batu basisumbuke kutafuta."

Hakunifukuza. Alinipa hata muhogo, nikaula, kwa sababu kukataa chakula chake kungekuwa tusi jingine.

Kopo la maziwa lilikuwa bado kwenye rafu, na vidonge vichache chini. Nilivimwaga chooni, nikaweka kile kipande mle, pamoja na karatasi yake. Juzi mama yangu alikuja kufagia. Nilikuwa mlangoni nafunga gunia nikasikia mfuniko unafunguka. Alitoka na kopo mkononi, vidole vimeshaingia weusi.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

Nikaacha kamba, nikasimama.

"Ni yangu, mama," nikamwambia, nikamsogezea kigoda. "Ikala, nikueleze."